Fisi-Maji na Bwawa la Samaki



Wengi wenu mkaao penye mabonde yenye maji mnayo mabwawa ya samaki, na wengine mnafikiri kuchimba. Kazi hii si ngeni katika nchi yetu. Majaribio ya kufuga perege katika mabwawa yalifanywa Korogwe na Malya tangu mwaka 1949, na maarifa yake yameenea hata yamefika huku kwetu katika milima ya Njombe, ambako baridi ni kali na samaki hukua polepole kuliko katika nchi za joto. Walakini mwenye bwawa sharti ajue neno moja: hakuwachimbia watoto wake peke yao. Ameandaa meza, na wageni watakuja bila kualikwa. Atakuja mdiria, atakuja korongo, atakuja kenge. Na mahali penye mto wa mawe na matete atakuja fisi-maji. Juu ya huyu wa mwisho nataka kusema, maana ndiye aliyetia maneno mengi katika bonde letu, hata nusura mto tunaokunywa utiwe sumu.

Jina lake limemharibia sifa. Mtu asikiapo "fisi" hufikiri mizoga, na usiku, na mambo ya wachawi. Kumbe mnyama huyu hana udugu na fisi hata kidogo. Ndugu zake ni nyegere na kicheche. Katika Tanzania wako wa namna mbili. Mmoja ni mdogo, mwenye madoa kooni, mwenye kucha, na vidole vyake vimeunganishwa kwa ngozi kama mguu wa bata. Huyu hupenda maji makubwa yaliyo safi, kama ya Ziwa Viktoria, na watu waendao kisiwa cha Rubondo humwona huko. Chakula chake hasa ni samaki. Wa pili ni mkubwa; uzito wake waweza kupita kilo 15, na urefu wake pamoja na mkia hupita mita moja. Vidole vyake vya mbele havina kucha, navyo hufanana na vidole vya mtoto. Huingiza mikono yake chini ya mawe na ndani ya tope, akipapasa kama mama atafutaye sindano gizani, akamtoa kaa. Kaa ndiye chakula akipendacho kuliko vyote, kisha vyura na samaki. Huyu ndiye wa vijito vyetu. Asemaye tu kwamba fisi-maji hula samaki amesema nusu, na nusu ile nyingine ndiyo ituhusuyo sana, kama mtakavyoona.

Bwawa langu lina urefu wa mita 15 na upana wa mita 10. Nililichimba pamoja na wadogo zangu wawili wakati wa likizo, kwa majembe na karai, mita kama 70 kutoka mtoni, maji yakija kwa mfereji. Nilipanda vifaranga 400 vya perege. Tuliwalisha pumba za mahindi na majani ya magimbi, na samadi ya ng'ombe tuliitia kidogo kidogo ili maji yawe na ukijani. Mshahara wa mwalimu mwaujua, na watoto wanne hawali chaki. Mwezi wa tisa tulipoyatoa maji, nilihesabu perege wakubwa 131, na wadogo wasiohesabika, kwa kuwa perege huanza kuzaa angali mdogo, naye hujaza bwawa wajukuu kabla hujamla yeye. Lakini wale wakubwa wengine walikuwa wapi?

Kijijini jibu lilikuwa tayari: fisi-maji. Mimi nilipenda kutazama matope kwanza. Watu wengi humhukumu mnyama bila kusikiliza shahidi, na shahidi yupo pale pale ukingoni kila asubuhi, mradi uende kabla ya ng'ombe na watoto. Mdiria huchukua samaki wadogo tu, tena mchana, mbele ya macho yako. Kenge huacha mburuzo wa mkia katikati ya nyayo zake. Nguchiro wa majini hula kaa kama fisi-maji, lakini unyayo wake ni mdogo na alama za kucha zaonekana. Fisi-maji huacha unyayo mpana wa vidole vitano bila kucha, hata mtu mgeni adhani mtoto ametambaa hapo. Tena yeye ana desturi ya kwenda haja mahali pale pale, juu ya jiwe au kichuguu karibu na maji, na kinyesi chake kimejaa vipande vya magamba ya kaa, ukikigusa kwa kijiti chavunjika kama chengachenga za chungu.

Na yuko mwizi mwingine ambaye watu hawapendi kumtaja. Huyu ana miguu miwili na huvaa ndala. Asubuhi moja nilikuta ndoana na kamba imefungwa kwenye shina la tete katika bwawa langu, na chambo cha ugali bado kipo. Ndoana ile niliitundika kwa msumari ukutani darasani, wala sikusema neno. Ilikaa pale muhula mzima, na mwenyewe hakuja kuidai.

Basi, wezi walikuwa wengi. Lakini nisimtetee fisi-maji kupita kweli. Kwenye jiwe lililo mdomoni mwa mfereji wangu nilikuta kinyesi chake mara nyingi, nikakichambua. Siku za kiangazi, mto ulipokuwa mwepesi na wazi, yalikuwemo magamba ya kaa matupu. Mvua za Machi zilipoufanya mto kuwa kama chai ya maziwa, ndipo yalipoonekana magamba ya samaki, siku baada ya siku. Na alfajiri moja niliwaona wenyewe, mama na mtoto wake, wamekuja kwa njia ya mfereji, matumbo yao yakigusa majani. Mama aliingia majini bila sauti, yakabaki mapovu tu yakienda kwa mstari. Alipotokea alikuwa na perege mikononi, ameshika kama mtu ashikavyo muhindi wa kuchoma, akaanzia kichwani. Mtoto alilia kwa sauti nyembamba mpaka akapewa mkia. Nilipenda kuwatazama, na huku nalihesabu shilingi zangu. Mnyama mkubwa namna ile hutaka kilo moja ya chakula au zaidi kila siku. Kwa perege wa robo kilo, hao ni wanne au watano usiku mmoja, akija kwako kila siku. Mwenye samaki 400 hawezi kuicheka hesabu hiyo.

Jirani yangu wa upande wa juu, mzee ambaye tangu utoto namwita baba, ana mabwawa mawili, na hasara yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Jioni moja alikuja kwangu na chupa ndani ya mfuko wa karatasi. Tulipokwisha kusalimiana akaiweka mezani. Ilikuwa dawa ya kuulia wadudu wa viazi.

Akasema, "Mwalimu, wewe wasoma kinyesi kama kitabu. Mimi nina mtoto chuoni. Nitaitia dawa hii ndani ya perege mmoja aliyekufa, nimweke ukingoni. Nimekuja kukuambia ili ufunge mbwa wako."

Nikamwuliza, "Baba, fisi-maji akimla huyo perege, atakwenda kufia wapi?"

"Mtoni, ndiko kwao."

"Na chini ya hapo nani huchota maji?"

Akanyamaza kidogo. "Mto ni mkubwa, na dawa ni kidogo."

"Na mtoto apitaye asubuhi, akaona perege mnono amelala juu ya majani, naye hajala kitoweo wiki nzima?"

"Watoto nitawaambia."

"Wote, baba?"

Hakunijibu. Alikunywa chai yake, akaichukua chupa akaenda. Usiku ule sikulala vizuri.

Msimdhanie mzee huyu kuwa mtu mbaya. Kila mtu bondeni alikuwa amekwisha kulisema jambo hilo moyoni. Yeye alikuwa na uungwana wa kuja kulisema mezani. Tena alinipa nafasi ya kumrudia, nami nilimrudia kesho yake na habari mbili.

Ya kwanza ni ya jirani zetu wa Kenya. Huko wafugaji waliopoteza ng'ombe, na watu waliotaka nyama ya ndege, walitumia dawa ya shambani iitwayo kabofurani. Walikufa simba, wakafa tai waliokula mizoga, wakafa ndege wa majini, na ndege wale wakauzwa watu wakala. Kelele zikawa nyingi, hata mwaka 2009 watengenezaji wakaanza kuiondoa katika maduka ya nchi ile. Sumu iliwekwa kwa adui mmoja, nayo haikuuliza majina.

Habari ya pili ni ya Uingereza, ambako fisi-maji wa namna nyingine wako tangu zamani. Huko wenye samaki waliwachukia, na wakubwa waliwawinda kwa mbwa kama mchezo. Kuwindwa hakukuwamaliza. Lakini tangu mwaka 1955 hivi wakulima walianza kupaka mbegu zao dawa iitwayo dildirini, ili wadudu wasile. Hapakuwa na mtu aliyekusudia kumwua fisi-maji. Dawa ilishuka mtoni, ikaingia katika samaki, na fisi-maji wakatoweka katika mito mingi kabla watu hawajajua sababu. Mwaka 1978 sheria ikakataza kuwaua, dawa zile zikaachwa, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba wameonekana tena katika kila jimbo la nchi ya Waingereza. Wenye mabwawa ya samaki huko sasa wanalalamika kama sisi, nao wamejenga nyua.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Habari ya Waingereza haikumgusa. Alisema wao wana fedha za kujenga nyua hata kuzunguka mashamba ya maua. Bali ile ya ndege waliouzwa sokoni ilimkaa. Nilimweleza pia kwamba sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila kibali, na kutega kwa sumu imekataza kabisa. Lakini nasema kweli, katika mambo ya tumbo sheria ni hoja ya mwisho, na mtu aliyepoteza samaki wake usiku hamwoni bwana nyama mahali popote. Kilichomfunga mkono ni kisima cha kuchotea maji kilicho chini ya daraja la miti, ambako mkewe mwenyewe huteka. Chupa ile ilirudi katika shamba la viazi.

Ikabaki kazi ya kuzuia. Wako waliojaribu taa ukingoni, na wengine sanamu ya mtu aliyevaa koti. Taa fisi-maji aliiogopa siku tatu. Mbwa ni mwema mradi hajalala, naye hulala. Kitu kilichofaa ni ua, na ua nao una maarifa yake, ambayo nitayaeleza kwa kirefu kwa sababu nimeona nyua nyingi zisizo na maana.

Nilinunua wavu wa chuma wenye matundu ya sentimeta 5. Ule mwembamba wa mabanda ya kuku haufai. Mikono ya mnyama huyu ina nguvu, nao hupata kutu upesi. Kimo chake juu ya nchi ni mita moja na robo. Chini nilichimba mtaro wa sentimeta 30, nikaufukia wavu, na ncha yake nikaikunja kuelekea nje, hata mnyama achimbaye karibu na ua akutane na chuma kila anapochimba. Nguzo ziwe upande wa ndani, zisiwe ngazi kwake. Majani yanayozunguka ukatwe. Na penye mfereji, hapo ndipo watu wanaposhindwa: huzungusha ua mzuri, wakaacha mlango wa maji wazi, na mnyama ambaye maji ni barabara yake huingia kama mwenye nyumba. Nami niliweka vyuma vilivyosimama karibu karibu, kwa maji yaingiayo na kwa maji yatokayo, na kila juma huondoa takataka zinazoziba. Ndani ya bwawa, mahali penye kina, nilizamisha mafungu ya matawi ya miti, samaki wapate kujificha kwa ndege. Tena siku hizi sisubiri mwezi wa tisa. Perege akifika kiasi cha kiganja namvua kidogo kidogo, na wale wadogo waliozidi huwalisha kuku.

Gharama yake ilinilazimu kuuza mbuzi wawili. Lakini tangu ua ulipokamilika, sijaona unyayo wa fisi-maji ndani yake. Hapo ningeweza kuweka kalamu chini, na wasomaji mngesema kwamba mwalimu ameshinda.

Chini yangu, baada ya mashamba mawili, kuna bwawa la mama mmoja mjane, wa rika la mama yangu. Ni dogo, mita 8 kwa 6, alilichimbiwa na mwanawe kabla hajaenda kutafuta kazi mjini. Zamani fisi-maji hakupita kwake sana, kwa kuwa langu lilikuwa njiani. Nilipofunga mlango, akaendelea na safari. Mwezi wa pili baada ya ua wangu, mama yule alikuja shuleni akasimama chini ya mti mpaka kengele ikalia.

"Mwalimu," akasema, "nasikia samaki wako wamepona."

"Ndiyo, mama, namshukuru Mungu."

"Nami nashukuru. Wangu wamekwisha."

Hakunilaumu. Laiti angenilaumu ningalijua la kujibu. Samaki ni wangu, ua ni wangu, mbuzi waliouzwa walikuwa wangu. Tena wavu sikuutega kwenye mali ya mtu. Yote hayo ni kweli, na mama yule hakuyakana. Lakini mto ni mmoja. Nilikuwa nimemwambia mzee wa juu kwamba lifanywalo juu hushuka chini, na maneno yale yalikuwa ya sumu. Sasa niliona kwamba hata ua mwema hushusha kitu.

Tulikutana watu saba wenye mabwawa, nyumbani kwa yule mzee. Wawili walisema kila mtu alinde lake, na asiyeweza kulinda asifuge. Mzee wa chupa ndiye aliyewajibu, akasema mjane hakuchagua kukaa chini yetu. Nilifurahi, wala sikuongeza neno. Ikakatwa shauri kwamba kila mwenye ua atoe siku mbili za kazi na mizigo miwili ya mianzi kwa bwawa la mama yule. Mianzi huku kwetu haikosekani, ingawa wagemao ulanzi hutoa kwa mkono mzito. Ikipasuliwa na kusimikwa karibu karibu, ncha zimefukiwa chini, humzuia fisi-maji miaka miwili au mitatu kabla ya kuoza. Si chuma, lakini haitaki mbuzi wawili.

Jambo jingine tulilolinena siku ile lilikuwa gumu zaidi, nalo halijaisha. Kijana mmoja aliuliza kwa nini babu zetu hawakuona shida hii. Wengine walicheka, wakasema babu zetu hawakuwa na mabwawa. Lakini yule kijana alikuwa na neno. Kaa hukaa chini ya mawe na kati ya mizizi ya matete, penye kivuli. Sisi tumelima vinyungu mpaka maji yenyewe, tumekata matete, tumeokota mawe ya kujengea. Udongo umeshuka ukafukia mashimo ya kaa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yasema mita 60 kutoka ukingo wa mto zisifanyiwe kazi ya kuharibu, na mtu akiipima katika bonde letu, wengi watabaki bila kinyungu, nao hula kwa kinyungu hicho wakati wa kiangazi. Siwezi kuwaambia watu waache chakula chao ili fisi-maji apate chake. Tulipatana neno dogo: matete yaachwe hatua 5 kila upande, kuanzia daraja la miti hadi maporomoko, na mawe yasitolewe mtoni. Sehemu nyingine yameota. Sehemu nyingine mtu amepanda maharagwe usiku, na asubuhi hapatikani aliyepanda.

Mwaka huu nilivua perege wakubwa 287. Mzee wa juu amepata wavu kwa bwawa moja, la pili analilinda kwa mianzi. Jiwe lililo mdomoni mwa mfereji wangu fisi-maji hajaliacha. Kinyesi kipya nilikikuta Jumamosi iliyopita, na ndani yake magamba ya kaa matupu. Mama yule tumemzungushia pande tatu za bwawa, na vifaranga 100 amepewa, 60 kutoka kwangu na 40 kwa mzee. Upande wa nne, ulio karibu na mto, bado u wazi, kwa maana mianzi iliyokomaa imekwisha, nasi tumepanga kukata mingine baada ya mavuno ya mahindi. Hata siku hiyo mjukuu wake hulala penye kibanda ukingoni, pamoja na mbwa wangu.